Matone yanamsaidia mwanangu, mbona macho yanarudi palepale?

Daktari, habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa Kongwa, mkoa wa Dodoma. Nina watoto wawili. Neema yuko darasa la saba, na mdogo wake wa kiume ana miaka 9. Shida yangu ni ya huyu mdogo.

Tangu akiwa na miaka 5 macho yanamwasha. Anayasugua kwa viganja mpaka unamhurumia, na usiku anajikuna akiwa usingizini. Jua likiwa kali hawezi kuinua uso. Asubuhi anaamka na tongotongo nyeupe zinazovutika kama mlenda. Weupe wa macho umegeuka kahawia, na pembeni mwa ile sehemu nyeusi nimeona vidoa vidogo vyeupe. Shuleni wenzake wanamwita mvuta bangi. Mwalimu mmoja naye aliniuliza mtoto huyu ana nini, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Mama mkwe anasema ni vikope, maana yeye mwenyewe alifanyiwa upasuaji wa kope na huku kwetu ugonjwa huo tunaujua. Anataka tumdondoshee maji ya majani fulani. Zamani tulishamwekea maziwa ya mama, hayakusaidia. Jirani yangu yeye anasema kinga ya mtoto iko chini, akaniuzia unga wa kupandisha kinga, na si bei ndogo.

Kilichomsaidia kweli ni dawa ya matone ya duka la dawa. Kwenye chupa wameandika kloramfenikoli na deksamethasoni. Nikimdondoshea, siku ya pili tu macho meupe, mtoto anacheza. Nikiacha, wiki haiishi yamerudi. Muuzaji aliniambia niendelee tu, ni dawa ya macho, haina madhara. Basi tunaendelea, sasa inakaribia miaka miwili, ikiisha nanunua nyingine. Hata Neema macho yakimsumbua namdondoshea hiyohiyo.

Muhula huu naona analeta daftari karibu na uso, na mwalimu wake wa darasa anasema ananakili kwa jirani badala ya kutazama ubaoni. Maumivu hana. Naomba unieleze: hivi ni vikope? Kinga yake iko chini? Na dawa hii niendelee nayo?

Mama Neema, Kongwa

*

Mama Neema, pole sana, na asante kwa kusoma maandishi ya kwenye chupa. Wengi huniandikia "dawa nyeupe yenye kifuniko cha bluu" nami nabaki kubahatisha.

Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka. Usinunue chupa nyingine. Mpeleke mtoto wiki hii kwenye hospitali yenye kitengo cha macho; likizo ni mbali. Kwa ulipo, hospitali ya Mvumi ina huduma ya macho ya miaka mingi, na Dodoma mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa na ile ya Benjamin Mkapa. Beba chupa. Ukifika sema hivi, kwa maneno haya haya: "Ametumia deksamethasoni karibu miaka miwili. Naomba apimwe presha ya macho, na mshipa wa fahamu wa jicho uangaliwe." Usiseme tu kwamba macho yanamwasha, maana foleni ikiwa ndefu unaweza kuandikiwa chupa inayofanana na hiyo na kurudishwa nyumbani.

Deksamethasoni ni steroidi. Kloramfenikoli iliyochanganywa nayo inazuia bakteria wasizaliane, na kwa ninavyosoma barua yako, mtoto wako hana bakteria wa kuzuiwa. Kinachoyafanya macho yawe meupe siku ya pili ni ile steroidi, na inafanya hivyo kwa kuzinyamazisha seli za kinga. Haijagusa chanzo. Ndiyo maana ukiacha, wiki haiishi.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa wenyewe. Bila kumwona siwezi kuapa, lakini kila ulichoandika kinaelekea upande mmoja: mvulana, ulianza kabla ya miaka 10, kuwasha kupita kiasi, tongotongo zinazovutika, kuogopa jua, weupe kugeuka kahawia, na vile vidoa. Huu ni mzio sugu wa macho wa watoto ambao madaktari huuita venali. Sehemu zenye joto, ukavu na vumbi unaonekana sana, na wavulana huupata zaidi ya wasichana. Vitabu vya Ulaya vinausema kuwa ugonjwa wa majira ya kuchipua. Kwetu hauna majira hayo; unaweza kumtesa mtoto mwaka mzima, upepo wa kiangazi ukiuzidisha.

Jirani yako amekuuzia unga kwa hoja iliyopinda. Kinga ya mtoto huyu haiko chini. Ndani ya kope na kwenye ule utando laini unaofunika weupe wa jicho kuna seli za kinga ziitwazo seli za masti, zimejaa chembechembe za histamini. Kila mtu anazo. Kwa mtoto mwenye mzio, mara nyingi juu ya seli hizo zimejipachika kingamwili za aina ya IgE, ambazo zimekwisha kuzoea kuitambua chavua au vumbi fulani kama adui. Vumbi likigusa, seli zinapasuka na kumwaga histamini ndani ya dakika chache. Hapo ndipo kuwasha kunapoanza, mishipa midogo inatanuka, jicho linakuwa jekundu, machozi yanatoka. Mzio wa kawaida huishia hapo.

Kwa venali mambo yanaendelea, na si watoto wote wenye venali wana IgE hiyo, kwa hiyo kipimo cha mzio kikirudi safi usidhani ugonjwa haupo. Seli nyingine za kinga, limfosaiti za T, zinatuma ishara za kemikali kuita seli nyeupe ziitwazo eosinofili kutoka kwenye damu. Mjerumani Paul Ehrlich ndiye aliyezitambua eosinofili mwaka 1879, kwa sababu zilikunywa rangi nyekundu ya eosini alipozipaka. Kazi yake mojawapo mwilini ni kupambana na minyoo, na protini zake zina sumu ya kutosha kwa kazi hiyo. Kwenye jicho hakuna mnyoo. Sumu ile inamwagika juu ya konea, yaani kile kioo kilicho mbele ya jicho, na kuichubua. Vile vidoa vyeupe ulivyoviona pembeni mwa sehemu nyeusi, kwa kawaida ni marundo ya eosinofili na seli zilizokufa. Umeona kwa macho yako kitu ambacho wanafunzi wetu hukitafuta kwa darubini.

Basi unga wa kupandisha kinga umpandishie nini? Kuna seli zinazofanya kazi kupita kiasi mahali pasipo na kazi, halafu tunanunua kitu cha kuzichochea! Bahati nzuri unga mwingi wa aina hiyo hauchochei chochote, unachukua hela tu. Mpe mtoto mboga za majani, mayai, maembe ya msimu, na hela ya unga iweke kwenye nauli ya hospitali.

Kuhusu vikope, mama mkwe hajasema jambo la ajabu. Kongwa ni mahali ambapo utafiti wa vikope umefanyika kwa miaka mingi, na jaribio moja la kuhimiza watoto waoshe uso vijijini humo, lililochapishwa mwaka 1995, linanukuliwa dunia nzima. Lakini vikope ni maambukizi ya bakteria aitwaye Klamidia trakomatisi, anayesambazwa kwa vidole, kanga ya kufutia uso, na nzi. Mtoto huambukizwa mara nyingi, na kila mara kinga inapopigana inaacha kovu ndani ya kope. Miaka inapita, makovu yanavuta kope, nywele za kope zinageukia ndani na kukwaruza kioo. Hilo ndilo lililompata mama mkwe, na wanawake hulipata zaidi kwa sababu ndio wanaolea watoto wenye maambukizi. Kuwasha kwa kiwango unachokieleza, tongotongo za kuvutika na weupe kugeuka kahawia havifanani na vikope. Mhudumu wa macho ataigeuza kope ya juu na kuangalia: vikope vina vijipele vyake, venali ina vinundu vyake vikubwa bapa au ina ule uvimbe wa kuzunguka kioo. Ni kazi ya dakika moja. Mtoto anaweza pia kuwa na vyote viwili, hasa huko kwenu, ndiyo maana nataka kope igeuzwe.

Maji ya majani, hapana. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba konea ya huyu mjukuu imekwisha kuchubuliwa, na kilichochubuka kikiwekewa majani yenye fangasi au bakteria kinaoza. Na jicho lililozoea steroidi lina ulinzi mdogo zaidi dhidi ya fangasi. Nimeona macho yaliyopotea kwa namna hiyo, na katika familia hizo hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Narudi kwenye chupa, maana ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ugonjwa. Mbele ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka kila saa kupitia kichujio kidogo kilicho kwenye pembe, kati ya kioo na ile sehemu yenye rangi. Steroidi ikitumika kwa wiki kadhaa inaweza kukibadilisha kichujio hicho, maji yakatoka kwa shida, presha ya jicho ikapanda. Kawaida presha hiyo ni kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Tafiti za miaka ya 1960 zilizowadondoshea watu wazima steroidi kwa wiki chache ziliona karibu theluthi moja wanapanda kiasi, na kama watu 5 katika kila 100 wanapanda sana. Watoto wanaweza kupanda haraka zaidi ya wakubwa. Presha hiyo haiumi inapopanda taratibu. Inakula mshipa wa fahamu wa jicho kuanzia pembeni, na mtoto hawezi kukwambia kwamba haoni pembeni kwa sababu yeye anadhani kila mtu anaona hivyo. Kilicholiwa hakirudi, kwa upasuaji wala kwa dawa. Kwa hiyo uliposema "maumivu hana", hapo ndipo nilipoamua barua yako isisubiri zamu.

Steroidi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho, ukungu unaoanzia nyuma ya lenzi, hata kwa mtoto wa miaka 9. Huo unaondolewa kwa upasuaji. Na kusugua macho kwa viganja miaka nenda rudi kunaweza kuikondesha konea ikachomoza mbele, kila kitu kikaonekana kimepinda. Kwa hiyo daftari lililosogezwa karibu na uso lina sababu kadhaa zinazowezekana, na mojawapo ni kwamba anahitaji miwani tu. Naiombea hiyo. Lakini haichaguliwi kwa maombi, inachaguliwa kwa vipimo: kusoma herufi ukutani, darubini ya macho, presha, na kuangalia nyuma ya jicho baada ya kupanua mboni. Siku ya kupanuliwa mboni jua litamsumbua zaidi, mbebee kofia.

Usishangae daktari akimwandikia steroidi tena. Venali ikiwa kali, wakati mwingine hatuna njia nyingine ya kuutuliza moto kwa haraka, na kuacha ghafla dawa ya miaka miwili kunaweza kulifanya jicho lilipuke upya. Tofauti ni kwamba atachagua aina na kiwango, ataipunguza kwa hatua, atakupa tarehe ya kurudi na atapima presha kila unaporudi. Steroidi bila kipimo cha presha ndiyo ninayoipiga vita.

Dawa ya kila siku inatakiwa iwe nyingine. Kuna kromoglaiketi, ambayo inazizuia seli za masti zisipasuke. Inadondoshwa kwa kawaida mara nne kwa siku, na inahitaji siku kadhaa hadi wiki mbili kabla hujaona kitu, ndiyo maana akina mama wengi wanaitupa na kurudia chupa ya muujiza. Olopatadini na ketotifeni zinazuia seli za masti na pia histamini yenyewe, zinatuliza haraka kidogo, na zinadondoshwa mara chache zaidi. Hizi zinatumika hata siku ambazo macho ni mazuri. Kazi yake ni kuzuia. Zikishindwa, hospitali kubwa kama KCMC Moshi au Muhimbili zinaweza kufikiria matone ya saiklosporini au marhamu ya takrolimasi, ambazo zinazituliza zile limfosaiti za T bila kupandisha presha ya jicho. Ni ghali na hazipatikani kila mahali, sitakudanganya.

Nyumbani, kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa kinafanya kazi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu baridi inabana mishipa na kupunguza kuwasha. Mwoshe uso na maji safi akitoka kucheza. Kofia yenye ukingo mpana, na miwani ya jua ukiweza. Kucha fupi. Mzoeze kubandika kitambaa kile cha baridi kila anapotaka kusugua, maana kusugua kwenyewe kunazipasua seli za masti hata kama vumbi halipo, na hapo anajiongezea kuwasha anakotaka kukutoa.

Kwa shule, nenda na karatasi ya hospitali. Mwalimu ajue kwamba ugonjwa huu hauambukizi, akae mbele, asisimamishwe juani wakati wa mstarini. Na lile neno la bangi likome. Macho mekundu nchi hii yamewagharimu watu zaidi ya aibu. Bibi zetu kule Shinyanga na Mwanza waliuawa kwa kuitwa wachawi, wakati wekundu wao ulikuwa wa moshi wa jikoni. Mtoto wa miaka 9 asifunzwe kuyaonea aibu macho yake.

Wengi wenye venali hupona wenyewe wakiingia balehe au muda si mrefu baada ya hapo. Seli zinatulia, weupe unarudi, kahawia inafifia. Kazi yetu kwa miaka hiyo iliyobaki ni kumfikisha huko akiwa na konea safi na mshipa wa fahamu mzima. Jicho lina tabia ya kukataa fujo za kinga. Konea haina mishipa ya damu, na seli za kinga ni chache ndani yake, ndiyo maana Eduard Zirm aliweza kupandikiza konea iliyodumu mwaka 1905 huko Olomouc, karibu nusu karne kabla ya figo ya kwanza iliyofanikiwa. Lakini konea iliyoumizwa kwa muda mrefu huota mishipa, na mishipa ikishaingia, seli za kinga zinapita humo. Hata ukipandikiza kioo kipya baadaye, kinakataliwa kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo usinielewe vibaya nikisema utapona wenyewe: si ugonjwa wa kuachia.

Kabla ya siku ya hospitali, akipata maumivu, akishindwa kufungua jicho, au ukiona doa jeupe katikati ya kioo, usisubiri. Mpeleke siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Neema naye, kama alidondoshewa siku chache kisha akaacha, sitegemei madhara, ila mpime naye presha mkiwa huko kwa kuwa mmeshafika. Akipata macho mekundu tena asidondoshewe dawa ya mdogo wake. Jicho jekundu likiwa la virusi vya herpesi, steroidi inaweza kulichimba kidonda katikati ya kioo. Tena ncha ya chupa iliyogusa kope za mmoja inabeba vijidudu hadi kwa mwingine, na matone mengi yakishafunguliwa hayatakiwi kuvuka wiki nne, hata kama chupa bado ina dawa.